Makochi ya Kuazima

Kwetu, mgeni akija akukute huna kikombe cha maana, aibu ni yako. Unamtuma mtoto kwa jirani kupitia nyuma ya nyumba, upesi, akuazimie vikombe, chupa ya chai, hata kiti. Mgeni akienda unaviosha na kuvirudisha, na hakuna anayeuliza. Nimefanya hivyo tangu niolewe huku Kianjokoma, na jirani nao waliazima kwangu siku zile nilipokuwa na kitu.

Kwa hivyo mwalimu mkuu aliponiambia kuna wageni watakuja kuona nyumba yetu, nilifanya ninachokijua.

Wageni wenyewe walikuwa kamati ya kutoka Embu mjini, watu wanaowalipia karo watoto werevu wa shule za umma ambao wazazi wao hawajiwezi. Binti yangu alikuwa amemaliza gredi ya tisa na kupita vizuri, akaitwa shule ya bweni yenye maabara. Katika shule yake ya hapa walikuwa wakichorewa sayansi ubaoni. Hadubini aliiona kitabuni tu, tena kitabu cha kugombaniwa na dawati zima. Aliitaka ile shule ya bweni mpaka akaacha kuitaja, asije akanisumbua. Mimi huchuma majani chai kwenye kishamba changu, na baba yake alishafariki. Bila wale wageni, shule ya bweni tungeisikia kwa watu.

"Mama, wanakuja kuona hali yenu tu," mwalimu mkuu aliniambia. "Usijisumbue."

Usijisumbue! Hebu mwambie hivyo mwanamke wa huku anayengoja wageni. Niliazima makochi ya jirani yangu wa pale chini, mama mwenye duka, na wanawe wakayapandisha wakipita katikati ya majani chai huku wakilalamika. Nikaazima vitambaa vyeupe vya kufunika makochi, zulia, na vikombe vya maua. Halafu, Ngai wangu, sijui niliingiwa na nini, nikaazima na ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi. Nikamfunga kwenye zizi langu lililokuwa tupu, ili boma lisionekane limekufa.

"Na mimi je, si nije nikae hapo niwe mama mkwe wako wa kuazima?" jirani akaniuliza. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka waone kwamba huyu mtoto ana watu, katoka nyumba safi, hatawaaibisha. Haki, nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyochaguliwa.

Walikuja mzee mmoja wa miwani na akina mama wawili. Wakasali, wakanywa chai, wakala mandazi. Mama mmoja akasifu maziwa, kwamba ya mjini siku hizi ni maji matupu.

"Ng'ombe wetu hana neno," nikasema.

Wetu! Lilinitoka lenyewe. Binti yangu alikuwa akimimina chai, akasimama na chupa mkononi, akaniangalia. Yule mzee akamgeukia. "Na wewe, msichana wangu, kuna shida yoyote hapa nyumbani? Sema tu, usiogope."

Nikamkazia jicho. Lile jicho watoto wangu wote wanalijua, halihitaji maneno. Akainamisha kichwa.

"Hakuna shida," akasema.

Wakatuombea baraka, wakaenda. Nami nikashinda nikijisifu vile nimewapokea.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akaniita shuleni. Kamati ilikuwa imemwambia kwamba nyumba yetu inajiweza, na kwamba watamtafuta mtoto mwenye shida zaidi. "Mama, kwani ulifanya nini?" aliniuliza. Nikabaki kukunjakunja leso.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimefura kwa hasira. Kwani mtoto wa maskini lazima akutwe amekalia debe ndipo afundishwe sayansi? Wale wa shule kubwa, nani huenda kuwakagulia makochi? Na hiyo maabara, mbona isijengwe hapa hapa, tuache kuchagua mtoto mmoja na kuwaacha wenzake? Hayo nayasema hata leo, na sitayameza. Lakini hasira ilipotulia nilibaki na aibu peke yake, kwa sababu si kamati iliyomfunga mtoto mdomo. Ni mimi.

Kesho yake nikamchukua binti yangu, tukashuka Embu hadi ofisini kwao. Nikamweleza yule mzee yote, makochi, ng'ombe, mpaka vikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunifokea.

"Mama," akasema, "siku ile uliniambia una ng'ombe. Leo unaniambia huna. Nikuamini lini?"

Woi. Nilitazama sakafu.

"Mwamini leo," binti yangu akasema polepole. "Siku ile tulidanganya."

Akajitia ndani ya uongo uliokuwa wangu. Yule mzee akavua miwani, akajifuta uso. Akatuambia nafasi ameshapewa msichana wa upande wa Kiritiri, ameshaambiwa, na nguo za shule ameshashonewa. Kabla sijafungua mdomo kubembeleza, binti yangu akasema, "Basi msimnyang'anye." Tukatoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa yuko sekondari ya kutwa, karibu na nyumbani. Sayansi bado ni ya ubaoni. Huamka, huchota maji, huenda, hurudi, hunisalimia vizuri. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Juzi alirudi akaniambia mwalimu wao wa darasa ameanza kutembelea nyumba za wanafunzi, ajue ni nani wa kusaidiwa vitabu. Nilikuwa nachambua maharagwe. Akaketi kando yangu, akaanza kunisaidia kuchambua. Kisha akaniuliza, bila kejeli wala kisirani, kama mtoto anayeuliza chumvi iko wapi:

"Mama, akija akiniuliza, nimwambie nini?"