Fimbo ya Mukubwa na Mlango wa Ramazani

Mwanangu, weka hiyo spana chini kwanza, unisikilize. Asubuhi nimekuona ukimrudishia mteja gari lake. Mlango wa nyuma haukazi, unajua haukazi, nawe ukaupangusa kwa kitambaa ukamwambia, "Iko sawa, papa." Iko sawa! Nilinyamaza kwa ajili ya wageni tu. Sasa wageni wameenda, na siku ile ya mto Lualaba imenirudia yote.

Ilikuwa wakati wa Zaire, chama kimoja tu, sisi sote tukiitwa citoyen, yaani raia. Komisere wa hapa Kindu, mukubwa wa serikali, alikuwa ameletewa kwa treni gari la zamani la Wazungu, la milango miwili ya ajabu. Bawaba zake zilikuwa kwenye paa, na milango ikifunguka ilipanda juu, ungesema kuku anakunjua mabawa. Mtaa wa Kasuku mzima ulijaa barabarani kulitazama. Dereva alikuwa Ramazani, kaka yangu wa tumbo moja. Haikupita muda mlango ukamwangukia kichwani, akatujia garaji shati limelowa damu.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa Mzee Saleh, fundi ambaye hakujua kusema uongo hata wa kumfurahisha mtoto. Mlango wa namna ile si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anaubeba, mwenzake anakaza bolti za bawaba. Tuliliweka gari mahali palipo sawa, tukatia mifuko ya mchele kwenye viti badala ya watu, kwa sababu gari tupu na gari lililobeba hayakai namna moja. Tukakata bati la kopo la sardini, tukaingiza vipande chini ya bawaba mpaka mwanya ukawa mmoja pande zote. Tukasugua mawese ambayo mjinga fulani alikuwa amepaka, yamekamata vumbi mpaka yamekuwa gundi. (Mawese ni ya kupikia sombe, mwanangu, si ya bawaba.)

Kilichobaki ni resori, zile chuma za kujizungusha zinazoubeba mlango ukiwa juu. Zilikuwa zimechoka. Tulipata nzima za upande mmoja tu, na Mzee Saleh akazitia kwa dereva, anayefungua na kufunga kutwa nzima. Mukubwa akaamuru zihamishwe upande wake yeye. Upande wake! Basi Mzee akamchongea Ramazani mti wa mpera, akauweka nyuma ya kiti. "Ukifungua, simamisha huu. Mpaka resori zingine zitoke Kinshasa."

Mukubwa aliuona.

"Muti ndani ya gari yangu? Munataka watu wanicheke?"

Akautupa mtaroni mbele yetu, na mkono wa pili ameshika fimbo yake nyeusi ya kuchongwa, ile wakubwa wa siku hizo walipenda kutembea nayo. Fimbo yangu haichekeshi mtu, mti wenu unachekesha! Ndivyo walivyofikiri.

Juma lililofuata kulikuwa na mkutano wa chama ng'ambo ya mto, Alunguli. Gari lilipandishwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa mbao. Nami nikachukuliwa, unajua kwa nini? Nimshikie Ramazani mlango atakaposhuka. Mti ni aibu, lakini mtu kuwa mti si aibu!

Wapiga kasia wetu wana sheria yao: gari likiwa majini, milango yote wazi, watu wasimame nje. Papa Asumani, mkuu wao, alimwomba mukubwa kwa heshima zote. Mukubwa akakataa. Alitaka watu wa Alunguli waone milango ikipanda naye akitoka ndani. Akaketi, akamketisha Ramazani kwenye usukani, wakafunga.

Katikati ya mto, mtumbwi wa kushoto ukaanza kuingiza maji. Mbao zikalia. Mukubwa alifungua mlango wake mzuri, akaruka nje, na katika kuruka akaning'inia kwenye ukanda wa kuufungia. Mlango ukashuka nyuma yake, pap, ukamfungia kaka yangu ndani, ukakwama.

Ramazani akausukuma wake. Ulipanda, ukarudi. Ukapanda, ukarudi. Kizingiti cha gari lile kiko juu, lazima ujivute kwa mikono miwili, na mikono yake yote ilikuwa imeubeba mlango. Maji yalikuwa yamefika kwenye magurudumu. Nikatia bega, nikamwita kaka yangu kwa kelele, "Yaya, toka!" lakini miguu iliteleza na mlango ukanielemea. Hapo Papa Asumani akaivuta fimbo nyeusi mkononi mwa mukubwa, bila hodi, akaisimamisha chini ya mlango. Ramazani akatambaa akatoka. Kisha fimbo ikakatika, mlango ukaanguka juu ya kiti kitupu.

Wapiga kasia waliyachota maji, tukafika. Na unajua nani alilala kasho, gerezani? Ramazani! Kwa kosa la kuvunja fimbo ya heshima.

Mzee Saleh alivaa shati lake la Ijumaa, akaniambia tufuatane mpaka ofisini. Alisimama mbele ya watu wote.

"Mukubwa, hii fimbo umeitembeza Kindu muzima tangu ufike. Siku ile ya mto njo mara ya kwanza imefanya kazi."

Wakamtia kasho naye.

Lakini mlango wa mukubwa ulikuwa umepinda kwa kule kuning'inia. Ulipolazimishwa ukapanda, ukakataa kushuka, na mvua ikanyesha kwenye kiti chake. Askari wakaja kuniita. Nikawaambia kweli tupu: kazi hii ni ya watu wawili, na mwenzangu mumemufunga, na dereva anayejua gari mumemufunga. Walizunguka, walitisha, mvua ikaendelea. Mwishowe waliwatoa wote wawili. Kitu cha kwanza Mzee Saleh alichoomba ni mti wa mpera. Mukubwa alisimama pale akatutazama tukiuweka nyuma ya kiti cha Ramazani, na safari hii hakuutupa.

Basi sikia, mwanangu. Kitu kisichopona, sema hakijapona. Mti ukihitajika, weka mti, uonekane, na anayeona aibu aone. Usimfiche mtu ubovu ili akuone fundi, kwa sababu atakayekuwa ndani ya gari si wewe. Sasa chukua pikipiki, umfuate yule papa mwenye gari kabla hajashika njia ya Lubutu, umwambie mlango wake haukazi.

Nenda. Mungu akupe mikono ya kweli, na siku maji yakikuingilia, akupe mtu wa kukushikia mlango.