Bibi Akisiriba Sakafu ya Kigango

Leo ng'ombe wamepita nje ya shule, na harufu ya samadi mbichi ikanirudisha kwenye kanisa letu la kigango. Bibi alikuwa amepiga magoti, anasiriba sakafu kwa mikono huku akikohoa. Shangazi, mlokole, alisimama mlangoni.

"Mama, mbinguni hawaingii kwa kupaka mavi ya ng'ombe. Okoka kabla hujafa!"

"Nani kakwambia natafuta mbingu? Napaka watu wasisali kwenye vumbi. Toka, unakanyaga pabichi!"

Nilicheka, ila sikumwamini bibi. Kwingine alipaka harakaharaka, lakini mbele ya altare alirudia na kurudia. Shangazi alipoondoka, bibi alimtazama Yesu msalabani, akaninong'oneza:

"Mwanawane, unadhani ameona?"