Daktari Aliyenusa Dawa ya Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya arobaini, nilivaa bluzi nyeupe ya kazi, koti lililonifika magotini, nikajiona mtu mkubwa wilaya nzima ya Masisi. Nilikuwa anfirmie msaidizi, yaani muuguzi, kwenye dispanseri moja ndogo ya matibabu karibu na Kirolirwe. Kazi ilikuwa kuchemsha sindano, maana zilikuwa za kioo na zilitumika tena, kufunga vidonda, na kunywesha watu dawa ya minyoo. Mkuu wetu, mtawa mzee tuliyemwita masera, alinipa kikombe cha dawa akaniambia nianze.

Mama wa kwanza kwenye foleni alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Onja kwanza, mutoto yangu."

Kwetu anayekupa kinywaji hutangulia kukinywa, ili ujue hana jambo baya nawe. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini shule ya uanfirmie ilitukataza kabisa kuonja dawa, nami nilijifanya msomi. Nilikataa. Mama akaimwaga chini, akaenda zake, na foleni nzima ikamfuata. Masera alinisema mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa hospitali ndogo upande wa Walikale, nimsaidie daktari kwenye upasuaji. Daktari huyo Mzungu alikuwa fundi kweli, lakini mkavu. Wagonjwa aliwaita kwa namba za vitanda vyao. Siku moja alinikuta nimeketi kitandani kwa mzee mmoja, tunacheka.

"Toka hapo," alisema. "Ukipenda mugonjwa, mukono yako itatetemeka siku ya kumupasua."

Nilitoka. Moyoni nilisema, huyu hana mama wala ndugu.

Nilifanya naye kazi miaka miwili. Ndipo asubuhi moja watu wakamleta Papa Safari, mwindaji wa njia ya Pinga, amelala kwenye tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, jasho linamtoka. Ilikuwa ngiri iliyokabwa: utumbo umetoka mahali pake na hauwezi kurudi. Mtu wa hivyo asipopasuliwa upesi, anakufa. Nilitayarisha eteri, dawa ya kulaza usingizi. Siku zile ilidondoshwa kwenye kitambaa cha kufunika pua, na mgonjwa aliivuta kwa pumzi.

Papa Safari alinishika mkono kabla sijamfunika.

"Hii iko nini?"

"Dawa ya usingizi, Papa."

"Basi daktari anuse kwanza."

Nikamwambia nitanusa mimi. Akatikisa kichwa.

"Wewe hapana, kaka. Yeye njo atanikata. Kama hana kitu mubaya na mimi, anuse. Kama hapana, munirudishe kwa muke yangu, nikufe kwetu."

Ndugu zake walikuwa wameshaanza kuinua tipoyi. Nilimweleza daktari kila neno, na kwa mara ya kwanza nikathubutu kumwambia kosa langu la Kirolirwe. Nikamwambia huyu mtu hatutukani, anatuomba. Daktari alitazama saa yake, akautazama mlango. Niliogopa sana, sikufichi.

Alichukua kile kitambaa chenye eteri, akakiweka puani mwake, akavuta pumzi mbili. Machozi yakamtoka, akakohoa.

"Mubaya sana," akasema kwa Kiswahili chake. "Lakini niko hapa."

Papa Safari akacheka kidogo, akafumba macho mwenyewe. Upasuaji ulikwenda vizuri, na mkono wa daktari haukutetemeka hata kidogo.

Siku ya tatu, daktari alipopita kuangalia mshono, Papa Safari alimwomba avute kiti.

"Sasa tunajuana. Mama yako, kule kwenu, iko muzima?"

Daktari alivuta kiti, akaketi. Kisha akasema mama yake alikufa. Barua ilimfikia mwezi uliopita.

"Pole, mwana wangu," Papa Safari akamwambia, akampa mkono. Daktari akaushika, hakuuachia upesi.

Nilikuwa nimesimama hapohapo na sahani ya bandeji. Mwezi mzima nilikuwa nimempa vyombo kila asubuhi, nikamlaumu kwa ukavu wake, wala sikuwahi kumwuliza, kwenu hawajambo? Niliona haya, na mpaka leo bado naona. Tangu siku ile aliwauliza wagonjwa majina yao, na mimi nilianza kumsalimu kama mtu.

Nimeshastaafu. Vijana wa bluzi nyeupe hunijia, huuliza kama ni vibaya kumzoea mgonjwa kupita kiasi. Nawaambia wachemshe sindano zao vizuri, halafu wakae, waulize habari za nyumbani. Na mgonjwa akikuuliza za kwako, usikimbilie kitanda kingine. Mjibu.