Baada ya Chakula

Kwenye bahasha ya dawa za kakangu, nesi wa Kathonzweni aliandika: vidonge viwili jioni, baada ya chakula. Mimi ndiye niliyeagizwa kuhakikisha amemeza. Nami ni mtu wa kufuata maagizo, tena mkali. Hata kuku wetu wanalijua hilo.

Kwa miaka minne zile sauti kichwani mwake zilinyamaza. Alilima mbaazi, akaimba besi kanisani, na kila jioni akishameza alifungua kinywa nikague. "Mwalimu," alinitania, "angalia pia hiyo jino ya nyuma kama iko."

Kisha mvua ikakataa, na kanisa letu la Kalamba likatangaza mfungo wa siku ishirini na moja: uji mchana, jioni hakuna kula.

"Na dawa?" kaka aliniuliza jioni ya kwanza.

"Imeandikwa baada ya chakula. Kwani umekula?"

Akacheka, akaenda kulala. Nami nikaifungia bahasha kabatini, nikijiona mtiifu kwa nesi na kwa Mungu pia. Siku ya kumi na tano hakucheka tena. Ya kumi na tisa alitoka na jembe begani, asirudi.

Nilimpata miezi mitano baadaye sokoni Tulia, huko Kitui, amekonda, analala nyuma ya duka la mbegu. Hospitalini alimwambia daktari kwamba dadake alimfungia dawa. Walimchoma sindano, wakamrudisha kwenye vidonge. Nesi wa pale alisoma bahasha yangu ya zamani, akaguna. "Mama, hii anakunywa hata kama hajakula." Nililia pale pale, mbele ya foleni.

Sasa yuko nyumbani, anakula, anaoga, anameza bila ubishi. Lakini ananiita sista, kama wanavyoitwa manesi, na anaamini hapa ni wodi nami niko zamu. Namkumbuka sana kakangu, naye amekaa mbele yangu. Mara ngapi nimetaka kumwambia, ni mimi, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yako! Naogopa. Kwa sista anapokea dawa. Kwa dadake sijui kama atapokea.

Jana aliniuliza, "Sista, wewe uko na ndugu?"

"Niko na mmoja. Kaka."

"Huwa anakuja kukuona?"

"Bado namngoja," nikamwambia, nikampa maji ya kumezea.