Ushahidi Ndani ya Birika

Jirani yangu Persis Avik, mjane mwenye ulimi mkali kama kisu cha kuchunia sili, alikuwa na nyumba ya mwisho upande wa bahari hapa Tuktoyaktuk, pwani ya kaskazini ya Kanada. Kila kiangazi bahari ilimega ukingo, na ndani yake ukaonekana ukuta wa barafu mrefu kuliko nyumba. Basi wataalamu wawili wa barafu wakapanga kwake: Anneke, aliyeshikilia kuwa ukuta huo ni mabaki ya mto wa barafu wa kale uliofukiwa na udongo, na Colm, aliyeapa kuwa ni maji yaliyogandia humohumo ardhini. Walibishana hata wakipiga mswaki.

"Wanangu," Persis akawaambia, "iwe ya baba, iwe ya mama, inayeyuka, na nyumba yangu inaifuata."

Siku moja walikata bonge la barafu, wakaliweka kwenye friza ya Persis chini ya nyama ya nyangumi, lingoje kupelekwa maabara. Wakaenda kuoga. Ndipo akaingia Ruben, shemeji yake Persis, mzee asiyetia mdomoni chai ya maji yanayoletwa na lori kwa kuwa eti yananuka dawa.

Waliporudi, wakakaribishwa chai.

"Tamu ajabu!" Colm akasifu.

"Barafu ya zamani hiyo," Ruben akajigamba. "Shemeji aliificha kwenye friza, mchoyo huyu."

Anneke akatema chai. "Umechemsha ushahidi wetu!"

"Ruben, tumbo lako litakuzika!" Persis akafoka, naye kikombe chake ameshakimaliza.

Colm alicheka mpaka Anneke alipochungulia birika, akaopoa kijiwe chenye mikwaruzo. "Umeona? Kimekwaruzwa na mto wa barafu!"

"Mikwaruzo hiyo ni ya kijiko!"

Wakagombea birika, huyu kashika kishikio, yule mdomo, hadi Persis akawapokonya. "Birika la harusi yangu hili! Nendeni mkakate bonge lingine!"

Wakaenda, Ruben akibebeshwa shoka kama adhabu. Colm akazama kwenye tope hadi kiunoni. Anneke akamvuta huku akimuuliza kama sasa anakubali. Wapi!

Majibu ya maabara yalikuja msimu wa baridi: Anneke ndiye aliyepatia. Colm akatuma salamu kwamba huo ni upande mmoja tu wa ukingo. Persis alinisimulia akicheka, kisha akaendelea kufunga vyombo, maana wiki hiyo nyumba ilikuwa inakokotwa kusogezwa bara. Ruben alikataa kutoka. Akakokotwa nayo, kaketi dirishani, akitupungia mkono kama bwana harusi.