Breki za Gari la Marehemu

Siku niliyotoka eda, wanawake wa ploti yetu walinitazama kama watu wanaosubiri mvua. Walidhani nitalia. Nilioga, nikavaa buibui, nikachukua ufunguo wa gari kwenye msumari nyuma ya mlango, nikatoka kama mtu anayekwenda kununua nyanya.

Kwa miezi minne na siku kumi gari lilikuwa limesimama uani pale mtaani kwetu Bulla Pesa, chini ya mwarobaini, boneti yote mavi ya ndege. Ni gari zito la dizeli, nyuma lina bodi ya vyuma ya kubebea mizigo. Mume wangu alilitumia kuleta mbuzi mnadani kutoka vijiji vya Leparua na Kipsing, na wakati wa ukame kupeleka maji huko huko kwa matangi. Yeye alifia nyumbani, kitandani, asubuhi, moyo ulisimama tu. Gari halikuhusika. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu huniuliza.

Hatukujaliwa watoto. Kwa hiyo mambo ya gari aliyashika shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na alikuwa amepata mnunuzi kutoka mji wa Maua ambaye angekuja Jumamosi. Kazi yangu ilikuwa moja: kulipeleka kwa fundi, maana breki zilikuwa zinapiga kelele tangu mwenyewe akiwa hai.

"Shemeji, mwambie fundi aweke kitu chochote," aliniambia kwa simu. "Bora Jumamosi isipige kelele."

"Sawa," nikasema. Siku hizo nilijibu sawa kwa kila kitu. Mtu angeniambia nyumba inaungua ningesema sawa.

Kuendesha nilifundishwa na marehemu mwaka wa kwanza wa ndoa, kule tambarare kupita uwanja wa ndege. Jirani mwenye lori alinisaidia kuliwasha kwa betri yake. Nilikwenda polepole, gia ya pili. Kila nilipogusa breki, chuma kilisaga chuma, na watu kando ya barabara waligeuka kunitazama. Niliisikia sauti ile kama inatoka kwenye gari la mtu mwingine.

Fundi ni mzee wa Kimeru, miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu. Alifuta mikono kwenye ovaroli kabla ya kunisalimia.

"Habari, mama. Pole tena."

"Nimeshapoa."

Alipiga jeki, akatoa gurudumu la mbele la kushoto, akafungua kalipa, kile kikono cha chuma kinachobana breki. Akanionyesha pedi mbili. Ya nje ilikuwa bado na nyama kidogo. Ya ndani haikuwa na kitu, ni bamba la chuma tupu, linang'aa kama sarafu.

"Pini ilikwama," alisema. "Kalipa haitembei, kwa hiyo pedi moja inafanya kazi ya mbili. Ikiisha, chuma kinakula diski. Angalia."

Diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ilikuwa na mifereji. Nilipitisha kidole, nikaihesabu kama mistari ya kitambaa: saba. Akaipima unene kwa kipimo chake, akapangusa kutu ukingoni, akanionyesha namba ndogo iliyochongwa pale.

"Hapa kiwanda kimesema ikifika unene huu, tupa. Hii imeshapita. Siwezi kuipeleka ikachongwe, hakuna tena cha kuchonga." Akarudisha kipimo mfukoni. "Nilimwambia mzee wako."

"Lini?"

"Ile wiki ya mwisho kabla ya mvua. Akasema anapeleka maji Kipsing, akirudi ataniachia gari siku nzima. Hapa hakurudi."

Wiki hiyo naikumbuka. Alirudi kutoka Kipsing, na kesho yake tukapanda Meru kwa harusi ya rafiki yake, na jioni tukashuka ule mteremko mrefu wa Subuiga. Mimi nilikuwa nimelala, kichwa kwenye kioo, viatu nimevua. Alijua. Alishuka nami kwa gia nzito, anajua, na hakuniambia.

Nilingoja hasira ije. Najua mahali inapokaa, hapa chini ya mbavu. Haikuja. Nilisimama nikatazama sisimizi wakipita kwenye kutu.

"Kwa hivyo tunaweka nini?" fundi akauliza.

"Weka chochote."

Alinitazama juu ya miwani. "Chochote si spea, mama. Njoo tuchague."

Duka la spea liko ng'ambo ya barabara. Mwenyewe ni mama wa Kisomali, mtu mzima, ana sauti ya chini. "Salaam aleikum," akasema, akanishika mkono na kuushikilia kuliko kawaida. Fundi akamweleza gari. Akaweka maboksi mawili juu ya meza.

"Zote zinaingia," alisema. "Hii watu wengi huchukua. Hii ni nzito, huchukua watu wa maji na watu wa mawe."

Fundi alizitoa diski, akanipa moja moja mikononi. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kidogo tu. Ya pili ilinivuta mabega chini. Zote zilikuwa za mabamba mawili yenye uwazi katikati wa kupitisha hewa, lakini ya kwanza uwazi wake ulikuwa mwembamba, kidole hakiingii.

"Ya kwanza ni ya gari kama hili, lakini la petroli, la kubeba watu," fundi alisema. "Ukibeba tangi limejaa ukashuka Subuiga nayo, itachemka mpaka ipinde. Halafu usukani utatetemeka, na siku moja utakanyaga pedali ishuke mpaka chini."

"Na pedi?"

"Kuna laini na ngumu. Laini zinashika haraka, hazipigi kelele, lakini kwa mzigo zinaisha upesi. Ngumu zinapiga kelele kidogo asubuhi zikiwa baridi. Zikipata moto ndio zinafanya kazi."

Nilisimama na ile diski nzito kifuani. Ilikuwa baridi na ina mafuta ya kiwandani. Niligundua kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokuwa nimekihisi uzito wake tangu mazishi. Sisemi kilinifurahisha. Nilikihisi tu.

Shemeji alitukuta pale pale. Alikuwa amepita kwa fundi akaona gari limewekwa juu ya mawe.

"Shemeji, hizi ni za nini?" akauliza. "Mnunuzi anakuja kesho kutwa. Unamwekea mtu wa Maua diski mpya?"

"Za zamani zimekufa."

"Basi weka hizo nyepesi. Yeye akilipakia mzigo ni shauri yake."

Mama wa duka akatazama chini. Fundi akafuta miwani. Nami nikasikia sauti yangu ikitoka, kavu, kama natangaza bei ya sukari.

"Siuzi."

"Nini?"

"Gari siuzi. Weka nzito, fundi. Pande zote mbili, na pedi ngumu."

Shemeji alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akaniuliza nani ataliendesha. Nikamwambia mimi. Akasema watu watasema nini. Nikamwambia sijui watasema nini. Sikuwa jasiri, wala sikuwa nimepanga. Hofu nayo ilikuwa imeondoka pamoja na mambo mengine. Aliondoka bila kuaga. Mama wa duka akafunga maboksi kwa kamba.

Fundi alifanya kazi mpaka adhuhuri. Aliziosha diski kwa petroli kutoa mafuta, akanikataza kuzigusa tena kwa mkono mtupu. Akatoa ile pini iliyokwama, akaisugua, akaipaka grisi. Mwisho akaniambia breki mpya lazima zizoeshwe: niende barabara ya Marsabit, nikimbie kiasi, nipunguze mwendo taratibu bila kusimama kabisa, nirudie mara nyingi, kisha niziache zipoe.

Nilifanya hivyo. Kukimbia, kupunguza, kukimbia, kupunguza. Harufu ya kuungua iliingia dirishani kisha ikaisha. Zilipopoa niligeuza gari, na badala ya kurudi nyumbani nikashika njia ya Leparua, kwa mama mkwe. Sikuwa nimemwona tangu mazishi, kwa sababu nilikuwa eda, na yeye miguu haimruhusu kuja mjini.

Karibu kufika, ngamia walivuka mbele yangu ghafla, kumi au zaidi, wanatoka kwenye vichaka. Nilikanyaga. Gari lilisimama sawasawa, halikuvuta kushoto wala kulia, vumbi likanipita mbele. Ngamia wa mwisho alinitazama akaendelea kutafuna.

Mama mkwe alilisikia gari kabla hajaliona. Jambo hilo sikulifikiria, na sijui ni kwa nini. Alitoka nyumbani kwa haraka ambayo sikujua bado anayo, fimbo mkono mmoja, kibuyu cha maziwa mkono mwingine, uso wote umefunguka. Akaja mpaka mlango wa dereva. Nikafungua.

Alinitazama muda mrefu. Kisha uso wake ukajifunga polepole.

"Nilidhani ni yeye," akasema kwa Kiborana. "Nilijua amekufa. Lakini masikio yalidhani ni yeye."

"Nisamehe, mama. Ningetuma mtu akwambie."

"Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

Aliketi chini pale pale, kwenye kivuli cha gari, akalia kwa sauti, akimwita mwanawe kama anayemwita kutoka malishoni. Niliketi kando yake, nikamshikia kibuyu kisimwagike. Nililingoja chozi langu, halikuja. Alipomaliza alijipangusa kwa leso, akanigeuzia uso, akanishika kidevu kama mtoto.

"Wewe bado," akasema.

"Bado, mama."

"Haya. Kunywa."

Nikanywa. Kisha akaniuliza kama bodi ya nyuma iko tupu, maana ana mabeberu wanne wa kupeleka mnadani na hakuna mtu amekuja kuwachukua tangu msiba. Tuliwapakia mmoja mmoja, mimi navuta pembe, yeye anasukuma kwa fimbo. Akapanda mbele, akaweka miguu yake inayouma juu ya boksi tupu la diski, tukaondoka kuelekea mjini kabla jua halijazama.