Landrova ya Jumapili

Harufu ya turubai na petroli hunirudisha Kariakoo, Jumapili ile. Miaka ile ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani kila Jumapili kuanzia saa nane mchana, na saa nane ilitukuta njiani. Baba akazima injini ya Landrova yake kuukuu. Mama akashika usukani, Baba na sisi watoto tukasukuma.

Muuza kahawa akacheka: "Leo gari ndilo limepanda watu!"

Trafiki akatusimamisha. "Mzee, saa ngapi sasa? Gari hili nalichukua."

"Hatuliendeshi, afande. Tunalisukuma."

Akagusa boneti. Ilikuwa bado ya moto. Baba akafuta jasho, akarudisha bega nyuma ya gari.

"Haya, sukumeni. Nikisikia injini tu, nalichukua."

Tulisukuma hadi nyumbani, Magomeni. Mpaka leo nikiona Landrova kuukuu, huzunguka nyuma nikaiegemezea bega.